Uzi: Slalomu, frisitaili, kaiti na ngalawa kwenye maji yale yale. Nani ampishe nani?

TangaLaLangata (#1)

Wasee, habari zenu. Nina swali, lakini msimamo pia ninao.

Sisi wa Nairobi tunaocheza windisafingi, yaani kuendesha ubao wenye tanga, tunateremka Naivasha wikendi, na likizo zikifika tunashuka Diani, Kilifi au Watamu. Kila tunapofika nakuta ugomvi ule ule: fulani kamkatia fulani njia. Watu wanasema ni adabu mbovu. Mimi nasema chanzo ni mitindo. Mtu wa slalomu anataka mstari mrefu, anakwenda na kurudi kwa kasi na tanga la mita za mraba 7 au 8. Mtu wa frisitaili anataka kipande kidogo cha maji laini, anaruka, anazungusha tanga, anaanguka na kuamka pale pale. Wa mawimbi yuko mwambani. Anayejifunza yuko katikati yao wote, anavuta tanga kutoka majini kwa kamba, ubao unamzunguka.

Hawa hawawezi kuishi chini ya sheria moja. Kila mtindo upewe maji yake, maboya yawekwe, basi. Mnaonaje?

Wakili_wa_Maji (#2)

Nakupinga tangu mwanzo. Sheria ipo na haijali mtindo: Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Kugongana Baharini, za 1972. Kanuni ya 12 inahusu vyombo vya tanga. Mkikutana kila mmoja na upepo wa upande wake, mwenye upepo wa kushoto ampishe mwenye upepo wa kulia. Mkiwa na upepo wa upande mmoja, aliye joshini, upande upepo unakotoka, ampishe aliye demani, upande upepo unakokwenda. Kanuni ya 13: anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye wa kujihadhari, hata awe na kasi gani.

Kwenye ubao ni rahisi kukumbuka. Tazama mkono ulio mbele, ule wa karibu na mlingoti. Ukiwa wa kulia, una haki ya kupita. Ukiwa wa kushoto, pisha. Hakuna mahali palipoandikwa slalomu wala frisitaili.

DadaPezi (#3)

@TangaLaLangata hapo kwa "anaanguka na kuamka pale pale" nimesikia. Frisitaili si kuanguka. Ni mtindo wenye kazi nyingi kuliko kwenda moja kwa moja hadi mkono uchoke.

Ila nitaeleza kitu ambacho wengi hamkioni mkiwa ufukweni. Nikiruka na kuuzungusha ubao hewani, natua nikiteleza kinyumenyume. Kwa muda huo mfupi macho yangu yako kwenye tanga na sioni anayekuja. Kwa hiyo kazi ya kutazama naifanya kabla. Kila anayefanya frisitaili vizuri huangalia nyuma ya bega kwanza, na akiona mtu anamfuata, anaacha mruko. Asiyeangalia ni mjinga wa maji. Usiulaumu mtindo kwa ajili yake.

Na kanuni ya 13 ya Wakili inanilinda. Unayekuja nyuma yangu, jihadhari wewe.

MbioMbio254 (#4)

Dada, karatasi inakulinda lakini hesabu haikulindi. Upepo ukifika noti 20, yaani karibu kilomita 37 kwa saa, ubao wa slalomu ukishanyanyuka na kuteleza juu ya maji unapita noti 25 bila shida. Hiyo ni karibu mita 13 kwa sekunde. Ukiangukia mita 10 mbele yangu sina hata sekunde moja. Breki hakuna. Naweza kuachia tanga au kujitupa majini, na ubao wenyewe bado utateleza kidogo.

Ndiyo maana kasi ya kweli duniani hutafutiwa maji yake. Pale Lüderitz, Namibia, walichimba mfereji maalumu, na humo ndimo Mfaransa Antoine Albeau alipofikisha noti 53.27 mwaka 2015. Mle wanaingia kwa zamu, hakuna anayejifunza mbele yao. Namuunga mkono #1.

DadaPezi (#5)

Basi nenda Namibia 😄

MbioMbio254 (#6)

Nauli utanilipia?

MtotoWaFaza (#7)

Salamu zenu ndugu zangu. Mimi ni wa Lamu, nakaa South B kwa sababu ya kazi. Nimesoma mpaka hapa na nashangaa: mmeongea juu ya slalomu, frisitaili na mawimbi, kama kwamba bahari ni yenu nyinyi kwa nyinyi. Wavuvi mmewaweka wapi?

Ngalawa haigeuki kama ubao. Nyinyi mkitaka kubisha, yaani kugeuka kupitia upepo, mnaruka upande wa pili wa mlingoti, mnashika tanga, mmemaliza. Chombo chenye foromali, ule mti unaoshika tanga, kinageuzwa upepo ukiwa nyuma, na tanga zima lihamishwe kuzunguka mbele ya mlingoti. Ni kazi ya watu na inahitaji nafasi. Ukimlazimisha nahodha afanye hivyo ghafla kwa sababu mkono wako wa kulia uko mbele, umemtia hatarini pamoja na watu wake.

Halafu kuna malema. Chelezo unachokiona juu ya maji, pengine chupa tupu au kipande cha povu, chini yake kuna kamba na mtego wa mtu. Nimeona pezi la ubao likikata kamba ya lema, na mwenye ubao akaenda zake akicheka. Lema lile halipatikani tena. Litakaa chini likiendelea kunasa samaki wasioliwa na mtu.

Wakili_wa_Maji (#8)

@MtotoWaFaza umesema kweli, na kanuni ziko upande wako kuliko unavyodhani. Kanuni ya 18: chombo cha tanga kimpishe anayevua, awe na injini au asiwe nayo. Ila kuna mpaka. Anayehesabiwa kuwa anavua ni yule ambaye zana zake, kama nyavu, zinamzuia kugeuka kwa urahisi. Anayekokota mshipi nyuma ya mtumbwi hahesabiwi. Huyo anarudi kwenye kanuni za kawaida.

MtotoWaFaza (#9)

Mshipi au jarife, mimi nasema mpishe. Wewe umekuja kucheza. Yeye asiporudi na kitu, nyumbani hakuliki.

BiUpepo (#10)

Wakili, samahani, nina sahihisho. Kanuni hizo ni za bahari kuu na maji yaliyoungana nayo ambamo meli za baharini zinaweza kupita. Ziwa Naivasha halina mto wa kutokea juu ya ardhi, sembuse wa kufika baharini. Kwa hiyo pale Naivasha huwezi kumpiga mtu kwa kanuni ya 12 kana kwamba yuko Kilindini. Kinachotumika pale ni taratibu za klabu na makubaliano ya wenyewe.

Wakili_wa_Maji (#11)

Sahihi kabisa, nakubali. Ingawa klabu za tanga nyingi hutumia kanuni za mashindano, na hizo nazo zinaanza na jambo lile lile: upepo wa kushoto unaupisha wa kulia.

MzeeWaBwawa (#12)

Vijana mnaongea Naivasha na Diani kama kwamba Nairobi haikuwahi kuwa na maji. Bwawa la Nairobi, pale kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa 1953 na lilikuwa na klabu yake ya matanga. Tulikuwa tunatoka kazini, tunapanda basi, jioni tuko majini. Leo limefunikwa na gugumaji na taka za mji mzima. Mtu anapita Lang'ata Road hajui kwamba ule uwanja wa kijani ni bwawa.

Nalisema kwa sababu linahusu swali. Bwawa lilikuwa dogo, na mitindo yote ilikuwa humo humo: mashua za watu wawili, mbao ndefu za zamani zenye ubapa wa katikati, watoto wakijifunza. Hatukugawana maji. Tulijuana kwa majina. Ukimkatia mtu njia leo, kesho unakutana naye kantini.

TangaLaLangata (#13)

Mzee shikamoo, na asante. Lakini hapo kwa kujuana ndipo penye shida yetu. Diani mwezi wa Desemba simjui mtu yeyote majini.

MzeeWaBwawa (#14)

Marahaba. Basi jijulishe kabla hujaingia. Ufukweni kuna watu, wana midomo.

Fizikia_Kwanza (#15)

Nichomeke la Naivasha. Ziwa liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia kati ya 15 na 20, na nguvu inayoingia kwenye tanga hufuata uzito wa hewa. Noti 20 za Naivasha zinakuvuta kama noti 18 za Diani. Kwa hiyo Naivasha watu hufunga tanga kubwa zaidi, na tanga kubwa huchelewa kugeuka. Huenda migongano mnayoiita ya mitindo ni ya watu waliofunga tanga lisilo saizi yao.

MbioMbio254 (#16)

Hiyo ya hewa nyepesi nakubali, mkono unaihisi. Lakini haielezi Diani.

BiUpepo (#17)

Diani nitaieleza mimi, na naomba msome polepole, kwa sababu jambo hili sijaona likisemwa.

Pwani ya Diani inatazama mashariki, imeinamia kusini kidogo. Msimu wa kusi upepo unatoka kusini na kusini-mashariki. Ukisimama ufukweni ukitazama bahari, unakupiga kutoka kulia. Anayetoka ufukweni kwenda mwambani ana upepo wa kulia, mkono wa kulia uko mbele. Anayerudi ana upepo wa kushoto. Kwa kanuni ya 12, msimu huo anayetoka ana haki na anayerudi ampishe.

Sasa njoo Januari, kaskazi. Upepo unatoka kaskazini-mashariki, unakupiga kutoka kushoto. Kila kitu kimegeuka. Anayetoka ndiye wa kupisha, anayerudi ana haki.

Mtu aliyejifunza Diani mwezi wa Agosti akazoea kwamba "anayetoka apishwe" anarudi Januari na mazoea yale yale, na yuko upande wa makosa bila kujua. Mwenzake aliyejifunza kaskazi anaamini kinyume chake. Wote wawili wana uhakika. Hawa wakikutana katikati ya maji, mnasema ni mitindo?

DadaPezi (#18)

Bi, hii umetuvua kilemba sote. Nilikuwa nasikia watu wakibishana "anayetoka" na "anayerudi" nikadhani ni ukaidi tu.

MtotoWaFaza (#19)

Watu wetu wameishi na pepo hizi mbili tangu enzi, safari zote zimepangwa kwazo. Hongera Bi.

Chumvi_Mwilini (#20)

BiUpepo umeeleza maji tambarare ndani ya mwamba. Mimi ni mtu wa mawimbi, na penye mawimbi kanuni ya 12 peke yake haitoshi. Mahali pengi duniani watu wa mawimbi wana desturi mbili. Moja, aliyeshika wimbi kwanza wimbi ni lake, usiliingie mbele yake. Pili, anayetoka apishwe na anayeshuka na wimbi, kwa kuwa anayetoka anapanda povu, hana kasi na hana pa kukimbilia. Anayeshuka ndiye mwenye nguvu ya kuchagua njia. Desturi hiyo haibadiliki kusi wala kaskazi.

BiUpepo (#21)

Kwa hiyo msimu wa kaskazi, mwambani anayetoka apishwe, lakini mita mia chache ndani, kwenye maji tulivu, anayetoka ampishe mwenzake? Mpaka uko wapi?

Chumvi_Mwilini (#22)

Pale wimbi linapoanza kuvunjika. Mpaka unahama na maji.

Wakili_wa_Maji (#23)

Hapo ndipo mimi nisipokubali. Desturi inayohama na maji haiwezi kumlinda mgeni. Mgeni anahitaji jambo moja la kushika: mkono wa mbele.

Chumvi_Mwilini (#24)

Mgeni asije mwambani. Hilo ndilo jambo moja la kushika.

KaitiYangu (#25)

Na sisi wa kaiti, tunaovutwa na tiara angani? Mmetusahau au mnatuogopa? Kamba zetu zina urefu wa mita 20 na zaidi. Mlingoti wenu una mita 4 au 5. Sheria yetu tukipishana ni kwamba wa joshini anainua kaiti juu, wa demani anaishusha chini, kila mtu apite. Mtu wa ubao wa tanga haijui. Anapita demani kwangu karibu karibu akidhani mimi ni mwili wangu na ubao tu, kumbe kaiti iko mbali kule, chini, inamjia mlingotini.

Ushauri kutoka moyoni: ukitaka kumpita mtu wa kaiti, pita joshini kwake, nyuma ya mgongo wake. Ukipita demani, acha nafasi kubwa kuliko kamba zake.

MbioMbio254 (#26)

Ila kaiti ikianguka majini inafunga nusu ya pwani. Lazima niseme.

KaitiYangu (#27)

Na nyinyi mkianguka mnalala juu ya tanga mkipumzika katikati ya njia. Tusihesabiane.

Foili_Juu (#28)

Nyote mmeruka kitu kipya. Olimpiki ya 2024, mashindano yaliyofanyika Marseille, ubao wa zamani wa RS:X uliondolewa, ukaingia wa foili, iQFOiL. Siku hizi hata wa burudani wanahamia huko, kwa sababu foili inaanza kunyanyuka na noti 8 au 10 ambapo wengine mmekaa mchangani.

Hatari yake ni nyingine. Chini ya ubao kuna nguzo inayokaribia mita moja, na mwishoni mwake kuna bawa. Diani siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo maji yaliyokubeba, saa chache baadaye ni mawe na nyasi za bahari. Maji yakipwa, sote tunabanwa kwenye mikondo michache yenye kina: wa foili, wa slalomu, mashua za watalii na waogeleaji. Kwa maoni yangu ugomvi mwingi unatokea saa hizo. Chukueni ratiba ya maji mlinganishe. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, huwezi kusikia kelele.

TangaLaLangata (#29)

Sasa nina sababu za kutosha kujaza gunia: mitindo, tanga kubwa, msimu, maji kupwa. Mimi bado niko na mitindo, lakini #17 na #28 zimenitikisa.

Mkaa_Naivasha (#30)

Nyie wa baharini mmemaliza? Naivasha kuna kiboko. Mchana anakaa maji ya kina kifupi karibu na mafunjo, na ubao wa tanga hauna injini, haumpi taarifa. Unamfikia ghafla. Wavuvi wetu wanaumizwa kila mara, na wao wanamjua kuliko wewe wa kutoka Nairobi asubuhi na kurudi jioni.

Kaeni mbali na mafunjo. Na wanaoanza msiwapeleke kona tulivu iliyojificha upepo, kwa sababu kona hiyo tulivu ndiyo sebule yake. Mnawapeleka pale ili wasiwasumbue wa mbio. Hilo ndilo tatizo langu na ugawaji wa maji wa #1: anayegawiwa kipande kibaya siku zote ni mgeni.

DadaPezi (#31)

Hii ya #30 iwekwe juu kabisa ya uzi. Kaka, wanaojifunza mnawaelekeza wapi?

Mkaa_Naivasha (#32)

Maji ya wazi, asubuhi, kabla upepo wa mchana haujashika. Boti iwe karibu. Wa mbio waje mchana upepo ukipanda. Gawaneni saa, si maji.

MbioMbio254 (#33)

Kugawana saa nakubali hata sasa hivi.

KaitiYangu (#34)

Naivasha sawa. Baharini saa inapangwa na maji na mwezi, utamgawia nani?

MtotoWaFaza (#35)

Nitoke nje kidogo. Hivi huu ubao wa tanga alibuni nani? Maana mtu kusimama juu ya gogo akashika kitambaa, pwani yetu haikuhitaji kufundishwa.

Wakili_wa_Maji (#36)

Wamarekani Hoyle Schweitzer na Jim Drake waliomba hataza 1968. Lakini kesi ilipofika mahakamani Uingereza, ilitolewa ushahidi kwamba Peter Chilvers alikuwa na ubao wenye tanga pale Hayling Island mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka 12, na hataza ikaanguka huko.

Chumvi_Mwilini (#37)

Na Newman Darby, Pennsylvania, katikati ya miaka ya 1960. Usimsahau. Wake aliuendesha akiwa upande wa pili wa tanga, mgongo kwenye kitambaa.

MtotoWaFaza (#38)

Basi watatu wanagombania. Wa Lamu tuwe wa nne.

MzeeWaBwawa (#39)

Rudini kwenye mada, vijana. Nimesoma yote na nauliza moja. Wakili ana mkono wa mbele. Chumvi ana desturi ya wimbi. Mtoto wa Faza anasema mvuvi kwanza, mshipi au jarife. Kaiti ana kamba zake. Mtu mmoja akiwa majini na hawa wote kwa pamoja, aanze na ipi?

DadaPezi (#40)

Aanze na asiyeweza kugeuka. Mvuvi mwenye wavu, anayejifunza, aliyeanguka, muogeleaji. Hao wote wapishwe kwanza bila kuuliza mkono. Waliobaki ndio wabishane mkono wa kulia na kushoto.

Wakili_wa_Maji (#41)

Kanuni ya 18 ina roho hiyo hiyo, nakubali. Lakini anayejifunza haimo. Ukimpa haki maalumu, kila mtu atakuwa anajifunza siku akigongana.

DadaPezi (#42)

Anayejifunza anaonekana, Wakili. Miguu inamtetemeka.

Foili_Juu (#43)

Na mimi wa foili niko kundi gani? Nageuka vizuri, lakini siwezi kupita maji mafupi unayonisukumia ukinilazimisha nipishe.

BiUpepo (#44)

Hilo ni swali zuri na sioni jibu lake hapo juu.

MbioMbio254 (#45)

Jibu lake ni asitoke maji yakipwa.

Foili_Juu (#46)

Na wewe usitoke upepo ukizidi noti 20, tukianza hivyo.

TangaLaLangata (#47)

Wakuu, asanteni. Jumamosi hii tunateremka Naivasha, tunatoka saa kumi na mbili asubuhi kupitia Mai Mahiu. Kwenye paa kuna nafasi ya mbao mbili. Nimeongea na Mkaa_Naivasha: wanaojifunza asubuhi, wa mbio mchana, kama alivyosema #32. Maboya bado nayataka, ila ya kuonyesha mafunjo yalipo. Nani ana kamba nzito na madumu matupu ya lita 20?

MzeeWaBwawa (#48)

Madumu ninayo matatu. Yapakeni rangi ya chungwa, kijani haionekani kwenye gugumaji.

Mkaa_Naivasha (#49)

Kabla hamjafunga chochote, nendeni mwone wavuvi wa ufuko huo mwambie mnaweka wapi. Kuna nyavu pale.

KaitiYangu (#50)

Na nanga za hayo madumu mnafunga na nini? Mkiweka mawe tu, upepo wa saa tisa utayakuta ng'ambo ya ziwa.